Macho Mawili au Macho Manne: Benzi Ipi Ibaki Nyumbani?

Mama mmoja wa hapa Moshi alitujia siku ya Jumanne akiwa ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliikuta katika mfuko wa shati la mumewe alipokuwa akifua. Juu yake palikuwa na maandishi ya mzee mwenyewe: "E 240, mwaka 2000, rangi ya fedha, kianzio nimetoa." Chini yake palikuwa na kiasi cha fedha, na mama huyo alipokipigia hesabu aliona ni zaidi ya nusu ya kiinua mgongo walichopokea miezi miwili nyuma.

"Dada zangu," alituambia, "mimi sikatai gari. Lakini gari tunalo, na nalipenda. Nataka kujua hilo jingine lina nini ambacho letu halina, hata mume wangu akaona haya kuniambia."

Gari walilo nalo ni Mercedes-Benz 200 E ya mwaka 1990. Limepeleka watoto wanne shule, limebeba maharusi watatu wa ukoo likiwa limefungwa utepe mweupe mbele, na kila mwezi humleta mama mkwe wake kutoka Marangu kuja kliniki. Hilo analotaka mumewe ni Benzi vilevile, ila la kizazi kilichofuata. Kwa maneno mengine ni mtu na mdogo wake, na swali lilikuwa kama mdogo ana thamani ya kuuza mkubwa na kuongeza fedha za uzeeni juu yake.

Hatukumjibu siku ile, maana hatukuwa na jibu. Tulimwomba azungumze kwanza na mumewe, kisha turuhusiwe kuyatazama magari yote mawili tukiwa na fundi. Mama alitia sharti moja: mzee awepo. Hakutaka kumfanyia mwenzake jambo la kificho, hata kama yeye alifanyiwa. Jioni ile walizungumza, na hatukuuliza waliambiana nini. Jumamosi asubuhi mzee alikuwapo uani, amenyamaza, mikono nyuma, na gari la rangi ya fedha limeegeshwa kando ya lile la zamani.

NDUGU WAWILI WA NYUMBA MOJA

Kwa wasomaji ambao gari kwao ni rangi na ukubwa tu (nasi tulikuwa hivyo mpaka juzi), yafaa tueleze kidogo. Kampuni ya Mercedes-Benz, yenye makao yake Stuttgart huko Ujerumani, hutengeneza gari la ukubwa wa kati la kifahari, na kila baada ya miaka kadhaa hulibuni upya lote. Kila kizazi hupewa namba ya kiwandani. Kizazi cha 124 kilitolewa mwishoni mwa mwaka 1984, mkuu wa wasanifu akiwa Bruno Sacco, Mwitaliano mzaliwa wa Udine. Sedani zake ziliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1995, na ukichanganya na zile zenye mgongo mrefu na zenye milango miwili, zilitoka zaidi ya milioni 2 na nusu. Mwanzoni herufi E ilikaa nyuma ya namba, ikimaanisha injini inayopuliziwa mafuta. Mwaka 1993 ikahamishwa mbele ikawa jina la ukoo wote. Ndiyo sababu la mama yule huitwa 200 E na la rangi ya fedha huitwa E 240.

Kizazi cha 210 kilitolewa mwaka 1995, kikarekebishwa sura mwaka 1999, na mwaka 2002 kikaacha nafasi kwa mwingine. Ukikitazama usoni huwezi kukosea. Lile la zamani lina taa mbili pana zenye pembe kama madirisha ya nyumba ya serikali, na hili lina taa nne za mviringo kama yai. Wajerumani wenyewe waliliita macho manne. Kampuni ilijua kuwa wateja wake ni watu wasiopenda kushtuliwa, hivyo mwaka 1993 ilionyesha kwanza gari la majaribio lenye sura hiyo katika maonyesho ya Geneva, watu wapate kulizoea. Wengine hawajalizoea mpaka leo. Mmoja wetu anaona linafanana na mtu aliyevaa miwani akasahau kuivua.

Lakini sura siyo badiliko kubwa. Mwaka 1989 Toyota walileta Marekani gari la Lexus LS 400, kubwa, tulivu, lenye kila kitu, kwa bei iliyokuwa chini sana ya Wajerumani. Zamani pale Stuttgart mainjinia walitengeneza gari walivyoona vema, kisha watu wa hesabu wakatafuta bei ya kuliuzia. Katika miaka ya 1990 mambo yakageuka, bei ikatangulia na gari likafuata. Wapenzi wa Benzi husema 124 ndiyo ya mwisho kutengenezwa kwa utaratibu ule wa kale, na ya 210 ni mtoto wa utaratibu mpya. Tulisikia maneno hayo mara nyingi tukayadhania kuwa ni majivuno ya wanaume wanaokaa gereji siku nzima. Fundi alipoanza kufungua vitu tulielewa kidogo wanachosema.

Tuongeze neno moja kuhusu sifa za hizi gari za kale. Katika makumbusho ya Mercedes-Benz huko Stuttgart imewekwa teksi ya aina ya 240 D ya mwaka 1976. Dereva wake wa Kigiriki, Gregorios Sachinidis, aliitembeza kilomita milioni 4.6 kabla ya kuikabidhi kwa kampuni. Hiyo ni ya kabla ya 124, na teksi hutunzwa kuliko gari la nyumbani, lakini ndiyo aina ya habari iliyofanya watu wa kwetu waamini kwamba Benzi haifi. Mzee yule aliamini hivyo. Na mtu anayeamini kwamba kitu hakifi hukinunua bila kukichungulia chini.

UKIKAA NDANI

Tulianza na mama mkwe, kwa sababu yeye ndiye abiria mkuu. Amevuka miaka 80 na magoti yake hayataki tena kukunjwa. Tulimketisha kwanza nyuma ya gari la zamani. Aliingia kwa shida kidogo, akajiweka sawa, akasema anapafahamu. Kisha tukamhamishia kwenye lile la rangi ya fedha. Akanyoosha mguu wa kulia, halafu wa kushoto, akatutazama kwa furaha. "Hapa," alisema, "miguu yangu imepata nyumba."

Kipimo chasema alichokisema bibi. Toka gurudumu la mbele hadi la nyuma, 124 ina milimita 2,800 na 210 ina milimita 2,833. Kwa upana ya zamani ni milimita 1,740, ya pili milimita 1,799, karibu sentimita 6 zaidi. Sentimita 6 hazionekani kwa macho, lakini watu wazima watatu wakikaa nyuma kwenda msibani zinajulikana.

Mlango wa gari la zamani ukiufunga hutoa sauti nzito ya kabati la chuma la benki. Wa jipya hufungika kwa wepesi zaidi, na mama mkwe aliweza kuuvuta mwenyewe. Vitambaa vya viti vya la zamani vimechakaa pembeni lakini havijachanika kwa zaidi ya miaka 30, na watoto wanne wamevitapikia. Ngozi ya viti vya jipya ilikuwa nzuri kuitazama, ila kwenye kiti cha dereva ilikwisha kupasuka. Yote mawili yana wipa moja tu kubwa mbele, badala ya mbili, nayo hujinyoosha na kujivuta ili ifike pembe za kioo. Watoto wa mama yule walipokuwa wadogo walidhani ni mkono wa mtu.

Mzee ndiye aliyeendesha. Tulikwenda kuelekea Himo na kurudi, kwanza na moja kisha na jingine. Katika 124 usukani ni wa mtindo wa kale, unauzungusha sana kabla gari halijakubali, na ukiingia kona unasikia barabara yote mikononi. Ya 210 ilipewa usukani wa aina nyingine, wa meno na fito, nao unaitika upesi. Ndani ni kimya, hata tuliweza kuzungumza kwa sauti ya kanisani. Hatuna budi kusema kweli: kwa kukaa tu, kwa kusafiri tu, gari la pili ni bora. Anayekuambia vinginevyo anapenda kumbukumbu zake.

CHINI YA BONETI

Hapa fundi alichukua nafasi. Ni mtu wa maneno machache, mzee wa kanisa katika usharika wa jirani, ambaye amezitengeneza gari hizi tangu zilipokuwa mpya.

Injini ya 200 E ina silinda 4 na plagi 4. Mafuta hugawanywa kwa kifaa ambacho kazi yake nyingi ni ya kimakanika, na ukikiharibu ni ghali, tena mafundi vijana wengi hawajakiona. "Lakini hii," alisema, "naisikiliza kwa masikio."

Injini ya E 240 ina silinda 6 zilizopangwa kwa umbo la V. Kila silinda ina valvu 3 na plagi 2. Ndiyo kusema, ndugu msomaji, siku ya kubadilisha plagi utanunua 12. Nguvu zake ni za farasi 170 na mlio wake ni laini kabisa. Gia zake otomatiki ni 5, zinaongozwa kwa umeme. Zilipotoka, kampuni ilisema oili ya gia hizo ni ya maisha yote haihitaji kubadilishwa. Baadaye ilibadili ushauri huo. Fundi akamuuliza mzee kama aliyekuwa na gari aliwahi kubadilisha oili ya gia. Mzee hakujua. Akaulizwa kama kuna ufunguo wa pili. Hakukuwa. Ufunguo wa gari hilo siyo chuma cha kuchongesha sokoni. Ni kifaa cha umeme kinachosemezana na gari, na kikifa kikiwa peke yake gari halitawaka mpaka upate kingine kilichotengenezwa kwa ajili ya gari hilo.

"Hii siwezi kuisikiliza," fundi alisema. "Hii lazima niiulize kwa kompyuta, na kompyuta iwe yake."

Isidhaniwe kuwa kila 124 ni salama na kila 210 ni matata. Katika 124 za mwishomwisho, kama za mwaka 1992 hadi 1995, waya za injini zilivikwa ganda lililotengenezwa lioze kwa urahisi likitupwa, kwa ajili ya kutunza mazingira. Likaanza kuoza likiwa bado ndani ya gari. Ganda likimeguka waya hugusana, na injini huanza kukohoa bila sababu inayoonekana. Anayenunua 124 ya miaka hiyo aulize kama waya zimebadilishwa. La mama yule, kwa kuwa ni la 1990, liliepuka.

Tena yako mambo ambayo ndugu hawa wawili wanashirikiana. E 200 ya mwisho ya 124 na E 200 ya kwanza ya 210 zina injini ileile ya silinda 4, farasi 136. Mikono ya chuma inayoshika magurudumu ya nyuma, mitano kila upande, imepangwa kwa mtindo uleule katika zote mbili, ndiyo maana zote hukanyaga barabara mbaya kwa adabu. Kwa hiyo anayetafuta taa nne na nafasi ya miguu bila plagi 12, zipo.

ALICHOKIFICHA MZEE

Tulipofika kwenye habari za usalama ndipo mzee aliposema jambo ambalo mkewe hakuwa analijua.

Gari la zamani lina breki zinazozuia magurudumu yasigande, na mikanda ya nyuma pembeni hupita begani. Kwa mwaka 1990 ilikuwa habari kubwa. Lakini halina mfuko wa hewa hata mmoja. Mfuko wa dereva ulianza kuwekwa kwenye kila 124 kuanzia mwaka 1992. Katika 210 mifuko miwili ya mbele ni ya lazima tangu mwanzo, na hilo la rangi ya fedha lina ya pembeni pia. Mikanda yake hujikaza yenyewe gari likigonga. Zaidi ya hayo, tangu marekebisho ya mwaka 1999 kila 210 ina mfumo wa kuzuia gari lisiteleze. Gari hulinganisha mahali unakogeuzia usukani na mahali linakoelekea kweli. Likiona haviafikiani hubana breki ya gurudumu moja peke yake, na gari hurudi njiani kabla hujajua lilikuwa limeanza kutoka.

Fundi alipomaliza kueleza hayo, mzee alivua kofia. Akasema kwamba mwezi wa nne mwaka jana, akimshusha mama yake kutoka Marangu wakati wa mvua, gari liliteleza kwenye kona. Lilizunguka nusu duara likasimama likitazama lilikotoka, nyuma likiwa hatua chache tu toka kwenye korongo. Mama yake alikuwa amesinzia. Aliamka akauliza kama wamefika. Mzee hakumwambia mtu. Tangu siku ile, alisema, kila mwezi anapokwenda kumchukua huamka saa tisa usiku na usingizi haurudi. Aliposikia kwa kijana mmoja kwamba kuna gari linalojizuia lenyewe kuteleza, akatoa kianzio.

Mkewe alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Baba watoto, sasa ulifikiri ukiniambia ningekufanya nini?" Mzee akajibu kwamba aliogopa angemkataza asiende tena kwa mama.

Tunaliandika hili kwa ruhusa yao. Tulikuwa tumekwenda pale tukiwa nusu tumeshaamua kwamba mzee anataka kujionyesha kwa wenzake na macho manne. Katika nchi zetu neno Wabenzi lilitungwa kwa ajili ya wakubwa wa namna hiyo, nasi tulilibeba mioyoni mpaka uani mwa watu. Tulimtaka radhi.

Kabla hatujaacha mifuko ya hewa, kuna neno kwa kila mama mwenye mtoto mchanga, na kwa gari lolote lenye mfuko mbele ya abiria, si Benzi tu. Mfuko huo hufumuka kwa kasi kupita kufumba kwa jicho, na nguvu yake imepimwa kwa kifua cha mtu mzima. Kiti cha mtoto kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele yake. Wala usimpakate mtoto katika kiti cha mbele, hata kwa mwendo wa kutoka kanisani hadi nyumbani. Atakuwa katikati yako na mfuko. Mtoto akae nyuma, katika kiti chake, amefungwa.

BISIBISI YA FUNDI

Mpaka hapo, tungepiga kura, gari la rangi ya fedha lingeshinda. Mkewe mwenyewe alikwisha kusema, "Basi tulinunue." Fundi akaomba dakika kumi zaidi, akaliinua mbele, akatoa gurudumu.

Ugonjwa wa 210 unaojulikana duniani kote ni kutu. Huanza kwenye kingo za milango, juu ya magurudumu, kwenye mdomo wa buti na kuzunguka kufuli. Hiyo ni aibu lakini haiui. Inayoua iko ndani, mahali macho hayafiki. Springi ya mbele kwa juu hukaa katika kikombe cha chuma kilichochomelewa kwenye bodi. Maji na tope huingia kati ya kikombe na bodi, chini ya lami iliyopakwa kiwandani, na kutu hula pale taratibu kwa miaka. Siku moja, kwenye shimo au tuta, kikombe hung'oka na upande wa mbele wa gari huanguka juu ya gurudumu. Ukiwa unaingia getini, ni hasara. Ukiwa unashuka Marangu, hakuna mfumo wa umeme utakaokuzuia.

Gari lile lilikuwa limekaa Tanga miaka mingi, karibu na bahari, na hewa ya chumvi haina urafiki na chuma. Chini ya mabawa ya mbele palikuwa pamepakwa lami nyeusi, mpya, inang'aa. Fundi akaigonga kwa mpini wa bisibisi. Upande wa kushoto ulilia ko, ko, kama chuma. Upande wa kulia haukulia. Akageuza bisibisi, akasukuma kidogo, ikazama mpaka nusu.

Mwenye kuuza alisema hakujua. Sisi hatusemi alijua. Lakini mtu hapaki lami mpya mahali hapo bila kupatazama kwanza.

Haki itendeke pande zote, tukamwomba fundi alitazame na la zamani. Gari za 124 za kuanzia mwisho wa mwaka 1989 zina mabamba mapana ya plastiki ubavuni. Ni mazuri, lakini huficha mahali pa kuwekea jeki, na pale ndipo kutu yake hupenda kukaa. Alipoyatoa alikuta moja kati ya manne limeanza kuliwa, kiasi cha sarafu. Mama akatikisa kichwa. Aliliosha gari hilo kila Jumamosi miaka yote na hakuwahi kujua kama kuna kitu nyuma ya ile plastiki.

HESABU YA MEZANI

Waliketi mezani wao wawili, na sisi tukaombwa tubaki. Ule mfano wa mjenzi wa mnara katika Luka 14 tumeusikia sote ukihubiriwa siku ya harambee. Mara hii tuliuona ukifanyiwa kazi juu ya kitambaa cha meza chenye maua, kwa kalamu ya mtoto wa shule.

Upande mmoja waliandika bei ya gari la fedha, kuchomelea vikombe vyote viwili kwa chuma kipya, plagi 12, oili ya gia, ufunguo wa pili. Upande mwingine: tairi nne mpya, shokomzoba nne, mikanda mipya ya nyuma, kuchomelea pale pa jeki. Upande wa pili haukufika hata moja ya tano ya ule wa kwanza. Kilichobaki kilitosha ada ya chuo ya mtoto wa mwisho mpaka amalize.

Lakini tairi mpya siyo mfumo wa kuzuia kuteleza, na mzee alilisema hilo kwa sauti. Mfumo ule hauwezi kuongezwa kwenye 124. Fundi alikuwa amekuta kwamba tairi za nyuma zilikuwa zimekwisha kabisa siku ile ya kuteleza, kwa sababu hazijabadilishwa mpaka leo, na kwamba shokomzoba moja ilikuwa imevuja mafuta yote. Hiyo ilieleza sehemu ya ile kona, ila siyo yote. Mvua ya Marangu ni mvua ya Marangu.

Mama ndiye aliyepata la kufanya. Mwezi wa tatu hadi wa tano, mama mkwe atakaa Moshi, katika chumba cha binti aliyeolewa. Hatapanda wala kushuka mlima wakati wa masika. Mzee alisema mama yake hatakubali kuacha migomba yake. Mkewe akasema hilo aachiwe yeye, maana ni jambo la wanawake. Alikwenda Marangu wiki ile, kwa basi, na alirudi na jibu pamoja na mkungu wa ndizi.

Kianzio kilirudishwa, kwa shingo upande, lakini kilirudishwa chote.

Wasomaji wameshaanza kutuuliza sisi wenyewe tungenunua ipi. Kama magari mawili yangesimama mbele yetu yakiwa na chuma kizima sawasawa, tungechukua 210 iliyotoka baada ya marekebisho ya 1999, kwa ajili ya wale wanaokaa viti vya nyuma. Lakini ya mwisho kabisa kati yake imeshapita miaka 20, na ya zamani kabisa kati ya 124 imepita 40. Katika umri huo mtu hanunui tena kizazi. Ananunua mikono iliyolishika gari. Daftari la matengenezo lina thamani kuliko idadi ya taa. Wenzetu wa Kenya, ambako gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa, watachagua tu kati ya yale yaliyomo nchini tayari, na wengi watakuwa wanamjua mwenye gari tangu lilipokuwa jipya. Hiyo ni faida. Popote ulipo, gurudumu la mbele litolewe kabla ya fedha kutoka, na lami mpya igongwe.

Gari la fedha halikukosa mnunuzi. Kijana mmoja wa kwaya, aliyefunga ndoa mwaka juzi, alilichukua kwa bei iliyoshuka sana baada ya habari za bisibisi kusambaa, akampelekea fundi yuleyule. Vikombe vyote viwili vilikatwa vikawekwa chuma kipya kinene, na kwa macho yetu tuliona kazi ilifanywa vizuri. Jumapili ya kwanza walipokuja nalo ibadani, mkewe alikuwa amekaa mbele, amependeza, na mtoto wao wa miezi mitano mapajani.

Tulimvuta kando baada ya ibada, tukamweleza habari ya mfuko ulioko mbele ya magoti yake. Alituambia aliona vibaya kumwacha mumewe mbele peke yake, watu wangesema wamegombana. Jumapili iliyofuata walifika wamekaa nyuma yeye na mtoto, kiti kimefungwa, na mumewe mbele peke yake amevaa kofia kama dereva wa teksi. Watu walicheka sana pale mlangoni, naye akashuka akawafungulia mlango.